Tangi la Daktari wa Meno

Jumatatu, 3 Juni

Jino la nyuma. Siku ya tatu bila usingizi wa maana. Nimekwenda kwa daktari wa meno wa mtaa wa pili, tena si kwa hiari yangu. Mke wangu alisema amechoka kulala na mtu anayeunguruma kama jenereta.

Chumba cha kungojea kimejaa. Mtoto analia. Mama mmoja ameshika shavu kwa mikono yote miwili. Mzee anagombana na simu yake. Na pale ukutani, tangi la samaki la kioo. Kubwa! Maji ya chumvi, mawe ya baharini, taa ya buluu. Nikapata kiti mbele yake. Samaki wa milia akaenda kulia. Akageuka. Akaenda kushoto. Basi! Hiyo ndiyo kazi yake. Hakuna anayemuuliza atamaliza lini.

Kelele za kichwani zikazima. Sikumbuki mara ya mwisho zilizima lini. Nilisahau hata jino. Nilipoitwa ndani niliona uchungu kuondoka.

Halafu nikagundua jambo. Watu wote mle walikuwa wamecheleweshwa, na hakuna aliyelalamika. Hakuna! Dukani kwangu mtu akingoja kidogo tu anaanza kutaja ukoo wangu. Mimi na mke wangu ni mafundi cherehani. Mimi napima na kukata, yeye anashona, na mimi tena ndiye ninayewakabili wateja nguo zikichelewa. Nawaambia bado vifungo tu. Haijawahi kuwa vifungo tu. Mara nyingine kitambaa hakijakatwa. Nimechoka, nasema kweli. Nimechoka hadi uso wangu wenyewe umeanza kufanana na maneno hayo.

Daktari, vidole vyake vikiwa kinywani mwangu, akanieleza kwamba mwisho wa mwezi anafunga kliniki, anahamia kwa binti yake, na tangi analiuza pamoja na kila kilichomo. Nikasema aaah. Akadhani nimevutiwa. Nilikuwa nimevutiwa!

Jumanne, 4 Juni

Nimemweleza mke wangu mpango wote kwa utulivu, pamba ikiwa bado mdomoni. Tangi litakaa kwenye kona kati ya mlango na meza ya kukatia. Mteja anaingia amefura, anakuta samaki, hasira zinashuka, anakaa. Nguo ikiwa tayari, sawa. Isipokuwa tayari, anarudi kwake ameburudika.

Mke wangu aliendelea kushona. Akauliza kama nakumbuka kona hiyo ni ya nini. Nakumbuka. Ni ya mashine ya ovaloki, ile inayozungushia kingo za nguo zisichambuke. Mashine yenyewe hatujanunua. Kona tumeitunza miaka na miaka. Kwa sasa kila nguo ikifika kwenye kingo, mke wangu anaikunja, anaiweka kwapani, anavuka nayo barabara hadi kwa Madoido.

Madoido ni mwanamke, fundi mwenzetu wa ng'ambo ya barabara. Jina hilo nimempa mimi. Taa za kuwakawaka dirishani, sanamu za nguo zenye wigi, mlango unaolia kengele. Ovaloki anazo mbili, na moja anamwachia mke wangu aitumie bila malipo. Nani anatoa kitu bure siku hizi? Leo mke wangu ameniambia Madoido amerudia tena maneno yake: alete cherehani yake, washone pamoja, wagawane kazi na faida. Alisema hivyo huku akitunga uzi kwenye sindano. Nikacheka. Yeye hakucheka, labda kwa sababu ya uzi mdomoni.

Kuhusu tangi, aliuliza nani atalisafisha. Nikasema sisi. Akauliza sisi ni akina nani. Mwishowe akaniambia nifikiri vizuri. Hakusema hapana! Nimeoa mwanamke mwelewa.

Alhamisi, 6 Juni

Nimetafuta ushauri wa kitaalamu, nisije nikaambiwa nimekurupuka. Kuna mama anayeuza samaki wa mapambo nyuma ya duka la rangi. Mikono imelowa hadi viwikoni. Hakutazami usoni, anatazama samaki wake. Akaniuliza nimewahi kufuga nini. Nikasema kuku. Akauliza wako wapi. Nikabadilisha mazungumzo.

Basi akaanza. Eti tangi kuukuu gundi yake ya pembeni huzeeka, na ikiachia haipigi hodi. Eti nimuulize daktari kama amewahi kutia humo dawa ya shaba, maana shaba hunasa kwenye mawe na kuua kamba na konokono hata baada ya miaka. Eti maji ya samaki hayakorogwi kwa chumvi ya jikoni, yana chumvi yake. Tangi likihamishwa ni kama limeanza upya, mawe yabaki majini njia nzima, na mtu asiye na subira samaki wake hufa kwa uchafu wao wenyewe. Maji hukauka lakini chumvi haikauki, kwa hiyo kila siku unaongeza maji yasiyo na chumvi. Umeme ukikatika pampu inasimama. Na chumvi hutambaa nje ya tangi, ikala chuma chochote kilicho karibu. Akataka kujua kama dukani kwangu kuna chuma. Nikafikiria cherehani, mikasi, pasi, sindano, pini, zipu. Nikasema kidogo.

Nilikuwa nimeanza kusinzia wima. Ndipo akasema kwamba kwa mtu anayeanza, tangi kubwa ni afadhali kuliko dogo, kwa sababu maji mengi hayaharibiki ghafla. Nikazinduka! Nikamwomba arudie. Akarudia, kisha akasema lakini. Hiyo lakini sikuingoja. Nilishamshukuru na kutoka.

Kwa kifupi, mtaalamu anashauri tangi kubwa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda kupima. Daktari alikuwa na mgonjwa kitini, akatoka na glavu zake kunionyesha. Mtu mwema, ila kila habari mbaya anaitoa kwa sauti ya kazini. Akasema nitasikia maumivu kidogo: stendi ya mbao imeoza kwa chumvi, itabidi nitengeneze nyingine. Akasema kona ya nyuma ina unyevu. Si kuvuja, unyevu. Nikauliza habari ya shaba. Akatazama dari. Akasema labda zamani, kidogo, samaki walipokuwa na madoadoa. Nimependa ukweli wake.

Yumo samaki mmoja mnene wa kijivu, anakaa nyuma ya jiwe na kukutazama kama mteja aliyeahidiwa suti tangu Januari. Huyo nikiweza nitamwachia daktari.

Nikatoa futi yangu. Upana, kimo, kina. Hapo simwogopi mtu. Nimepima watu maisha yangu yote, wanene, wembamba, wanaovuta tumbo ndani ili waonekane vijana. Nikaandika kwenye karatasi. Kurudi dukani nikapima kona. Linaingia! Na nafasi ya mtu kupita inabaki. Kule kliniki nililiona kubwa zaidi, kwa kweli, lakini macho yangu yana tabia ya kutia chumvi. Nadhani ni ile taa ya buluu.

Bei aliyotaja sina. Nikamtazama mabega. Koti lake linambana kwapani, aibu tupu. Nikamwambia mtu anayestaafu anahitaji suti. Mbili! Moja ya kijivu, moja ya buluu, na mimi nichukue tangi na vyote vilivyomo. Alifurahi mno. Akanyoosha mikono nikampima palepale, mgonjwa akiwa kitini mdomo wazi.

Suti atazishona mke wangu. Bado sijamwambia.

Jumamosi, 8 Juni

Siku mbaya. Mbaya!

Nilitaka kujizoeza kukoroga maji ya chumvi, tangi likifika nionekane mzoefu. Ndoo, maji, chumvi ya jikoni. Najua yule mama alisema nini, lakini haya yalikuwa mazoezi, ndoo haina samaki. Nikaificha chini ya meza ya kukatia isimuudhi mke wangu.

Juu ya meza kulikuwa na gauni la bibi harusi, satini tupu. Satini huteleza, kila fundi anajua. Hata mimi najua. Ikateleza. Sikuona kitu mpaka mke wangu aliponiuliza, kwa sauti ya chini, mkia wa gauni unatafuta nini kwenye ndoo. Nikautoa, nikaukamua, nikaupiga pasi haraka ili mambo yaishe. Hayakuisha. Chumvi ikachora mistari myeupe kutoka magotini hadi chini.

Na bibi harusi huyo akaingia kujaribu nguo yake. Sitaandika aliyoyasema. Mama yake alikuwapo, naye akasaidia. Mimi nikasema bado vifungo tu. Gauni lile halina vifungo.

Mke wangu hakugomba, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Alimtuliza bibi harusi, akanunua satini nyingine, akaikata mwenyewe. Kukata ni kazi yangu! Halafu akavuka nayo kwa Madoido akashona huko mchana kutwa, kwa sababu ovaloki iko kule na ndoo iko huku. Jioni alirudi akiimba chini kwa chini. Nikamuuliza kazi imekwendaje. Akasema kule kuna utulivu, mtu anashona mpaka anamaliza. Eti ndiyo mara ya kwanza mwaka huu kumaliza nguo kabla ya siku yake.

Niliumia kidogo kusikia hivyo. Nikajiambia ni kidonda cha jino.

Jumatatu, 10 Juni

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anachomea vyuma. Nilimpa karatasi ya vipimo atengeneze stendi ya chuma. Akaisoma, akauliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba kupima ndiyo kazi yangu, yeye achomee. Akachomea. Ni mtu wa maneno machache, ukoo wao wote uko hivyo. Nimemlipa kwa akiba ya ovaloki. Ilikuwa imekaa tu haina kazi.

Mke wangu ameyajua yote mawili leo hii. Ya stendi kaambiwa na kaka yake. Ya suti kaambiwa na daktari mwenyewe, aliyekuja dukani kumshukuru kwa moyo wake mzuri na kuuliza zitakuwa tayari lini. Mimi nilikuwa nyuma ya mke wangu, nikimpa daktari ishara anyamaze. Nilikunja uso, nikashika shavu. Akadhani nasikia maumivu. Akaja akaniambia nifungue mdomo.

Alipoondoka, mke wangu aliondoa mguu kwenye pedali. Akaniita baba watoto. Hajaniita hivyo tangu watoto waanze maisha yao. Akasema hana ugomvi na samaki. Akasema naye amechoka vilevile, ila uchovu wake hauna pa kukaa. Suti za daktari atashona kwa sababu mtu ameahidiwa. Lakini tangi likiingia kwa mlango huu, cherehani yake inatoka kwa mlango huuhuu na kwenda ng'ambo kwa Madoido. Hakupandisha sauti hata kidogo. Akarudisha mguu, akaendelea.

Niliogopa. Hapa naweza kusema, hakuna anayesoma. Niliogopa kweli. Tumekaa katika duka hili tangu ujana wetu, yeye kanipa mgongo, mimi nimempa mgongo, na mlio wa cherehani yake katikati. Sijui likiwa kimya linakuwaje.

Jumanne, 11 Juni

Mke wangu alitoka asubuhi na futi shingoni, akasema anarudi sasa hivi. Hakurudi sasa hivi. Nikaona nivuke kwa Madoido, nimtazame na nichunguze hali ya adui kwa pamoja. Kisingizio: kuomba chaki.

Mke wangu hakuwapo. Madoido akasema amepita kwenye shughuli zake. Akanipa chaki, akanipa chai, akaniuliza hali ya jino. Sikupenda. Adui akiwa mpole unachanganyikiwa. Mteja mmoja akaingia kuulizia sketi. Madoido akamwambia haiko tayari, aje Alhamisi, na mteja akasema haya na kuondoka. Hivyo tu! Hana ufundi wowote wa kuongea na watu.

Akaniambia waziwazi kwamba mkono wa mke wangu hauna mfano mtaa mzima, na kwamba ile ovaloki ya pili ni yake siku yoyote atakayoitaka. Nikamshukuru kwa niaba ya duka. Wakati wa kutoka nikagonga sanamu, wigi likaanguka kwenye chai. Likaniharibia heshima ya kuondoka.

Jumatano, 12 Juni

Nimeamua. Sinunui!

Nilimwambia mke wangu asubuhi. Aliniwekea chai kabla sijaomba. Akasema tukipata nafasi twende tukatazame ovaloki, hata kuukuu. Nikajisikia mwepesi. Asubuhi yote sikumtajia mtu vifungo. Nilimwambia mteja mmoja kwamba suruali yake haijaanzwa. Akanitazama, akanishukuru, akaenda zake. Ajabu kubwa.

Alasiri nikaenda kwa daktari nimpe habari ana kwa ana, kiungwana. Alikuwa na mgonjwa. Nikamngoja. Kiti kilichokuwa wazi ni kile cha mbele ya tangi.

Samaki wa milia akaenda kulia. Akageuka.

Sijui nilikaa kiasi gani. Daktari alipotoka alinikuta nimevua viatu. Kabla sijasema neno, akaniambia kuna mtu mwingine wa mtaa wetu aliyekuja jana kuliulizia tangi. Kalipima, kisha kakaa nalo muda mrefu. Mwanamke. Fundi cherehani!

Madoido! Ndiyo maana ya ile chai. Ovaloki mbili, wigi, kengele, na sasa anataka bahari dirishani, wateja wangu waitazame wakiwa kwenye mlango wangu. Damu ikanipanda kichwani. Nikamwambia daktari Jumamosi tunakuja kulibeba, asimpe mtu yeyote. Tukashikana mikono.

Nyumbani mke wangu akaniuliza kama nimemwambia daktari. Nikasema nimemwambia. Si uongo. Kuna kitu nilimwambia.

Jumamosi, 15 Juni

Sina nguvu za kuandika.

Nilimwambia mke wangu kwamba naenda kumwonyesha daktari vitambaa. Shemeji akaja kliniki na pikapu, stendi na wabebaji wawili. Tukavuta maji kwa mpira. Mawe tukayaweka kwenye mapipa yenye maji yaleyale, samaki kwenye ndoo. Nilitoa amri vizuri sana. Yule mnene wa kijivu alikataa kushikwa. Daktari alimfukuza na wavu mpaka akatoka jasho, anambembeleza kwamba haitauma.

Kisha wakaingiza stendi mle kliniki, tulijaribishe tangi kabla ya kupakia. Wakalinyanyua tangi, wakalitua. Nusu likakaa juu ya chuma. Nusu ya pili ikabaki hewani, mikononi mwa wabebaji, wanauliza waiweke wapi. Shemeji akatoa karatasi, akaisoma tena. Akasema ametengeneza kama ilivyoandikwa. Nikapima tangi. Mara mbili ya karatasi! Nikamuuliza daktari kama kioo huvimba kikikaa majini.

Mara mke wangu huyo mlangoni. Ameona pikapu ya kaka yake imebeba stendi, akaifuata. Hakusalimia. Alichukua karatasi, akaitazama mara moja tu, akasema nimeandika nusu.

Ikabidi nieleze mbele za watu, huku nimeshikilia kona ya tangi. Sisi kitambaa tunakikunja kwanza ndipo tukate. Kwa hiyo kifua cha mtu, kiuno, nyonga, unapima na kuandika nusu yake. Urefu huugusi, upana unaukata kati. Mkono wangu umeandika nusu miaka yote hii, siku hizi hauniulizi. Daktari nilimpima hivyo na tangi lake nimelipima hivyohivyo. Wabebaji walicheka hadi shemeji akawakemea kwamba kioo kitaanguka. Mke wangu hakucheka. Alikuwa akinitazama mimi.

Tukarudisha kila kitu. Tangi, mawe, maji, samaki. Mke wangu akatoka nje kumngoja kaka yake. Daktari, amelowa hadi kifuani, akanipa mpaka Jumatano hii inayokuja, la sivyo anamwita mtu wa hoteli. Halafu akauliza kwa nini mama ameondoka bila kukaa kidogo kama siku ile. Siku ipi? Jumanne. Ni yeye! Si Madoido. Mke wangu ndiye aliyekuja na futi. Daktari anasema alitaka kuona ni kitu gani hiki kinachonipa raha, na kama kuna namna ya tangi na ovaloki kuingia zote mbili. Alipima akarudia. Haikuwezekana. Akakaa mbele ya samaki, na kabla ya kuondoka akamwomba daktari aniruhusu niwe napita jioni kukaa pale mpaka kliniki ifungwe. Eti nimechoka sana, yeye anaona.

Nimeguswa moyo. Kumbe naye analipenda!

Jumatatu, 17 Juni

Jana sikuandika. Mke wangu hakusema neno kutwa nzima. Nilidhani anapumzika.

Asubuhi hii shemeji kaja na pikapu. Nikajua amekuja kurefusha stendi. Akanipa mkono, akasema pole, akashika upande mmoja wa cherehani. Mke wangu akashika wa pili. Kikafuata kiti chake. Mto wa kiti. Kopo la bobini za uzi. Suti mbili za daktari, zimekwisha, zina vifungo vyote.

Mlangoni akasimama. Akasema nyumba yetu ni ileile na jioni tutaonana. Lakini kazi ataifanya mahali ambapo jambo likisemwa limesemwa. Jumatano alinipa chai kwa kuwa alinisadiki, na hilo ndilo lililomchosha, wala si samaki. Akasema hata sasa anaweza kushusha. Nimwambie tangi haliji, tena iwe kweli, na cherehani inarudi mahali pake. Shemeji akajitia kutazama matairi.

Nilifungua mdomo. Naapa neno lilikuwa linatoka. Lakini nyuma yangu, pale cherehani ilipokuwa, ukuta ulikuwa wazi mpaka dirishani. Sikuwahi kuuona ukuta huo. Nikageuka kuutazama kidogo tu. Nikamwambia anipe mpaka kesho.

Akanitazama kama wateja wanavyonitazama. Kisha wakavuka barabara.

Jumanne, 18 Juni

Kimya. Sikujua duka lina kimya cha namna hii. Wateja wanaingia, wanaona pale palipo patupu, wanauliza. Nawaonyesha ng'ambo. Wanavuka. Mara kadhaa nimegeuka kusema kitu nikakuta nasema na pasi. Kwenye dirisha la Madoido namwona mke wangu ameinama kwenye cherehani yake. Mara moja aliinua kichwa akacheka. Kicheko hicho nakifahamu, ila sijakisikia siku nyingi.

Mchana nikachukua futi, mikono ipate la kufanya. Nikapima kona pamoja na sehemu aliyokuwa akikaa. Nikaandika kamili, bila kukata. Linaingia! Tangi zima, na pampu zake, na kiti cha kulitazamia. Tulikuwa tukibanana bure.

Nikampigia daktari nikamwambia nalichukua. Akaniuliza kama mama anajua. Nikasema tumelimaliza. Shemeji hapokei simu, itabidi nitafute pikapu nyingine. Kwa kuwa sina mteja, nimeweka kiti mbele ya ukuta kuona itakavyokuwa, na nimekaa hapo hadi wakati wa kufunga. Panatuliza kweli.

Jioni nitampa mke wangu habari njema. Siku zote tatizo lake lilikuwa nafasi, na nafasi imepatikana. Akiliona limekaa vizuri pale ukutani, moyo utalegea, na cherehani atairudisha mahali pake.